Hisa za bomba la gesi zimepanda karibu maradufu na bado zinalipa gawio: niuze lini?

Serahangi_Shela (mwanzisha uzi, mwanzoni mwa 2026)

Assalaam alaykum wana jamvi. Nina jambo nataka tulijadili kwa utulivu. Wale wa "uza haraka" na wale wa "shikilia mpaka kufa" wasiokuja na hesabu, naomba wanisamehe mapema.

Mwaka 2020, soko la Marekani lilipoporomoka kwa korona, nilikuwa bado natembea baharini na mshahara ukiingia kwa dola. Nikanunua hisa 900 za Kinder Morgan kwa wastani wa dola 14. Kwa asiyeijua, ni kampuni ya Houston yenye mabomba, na kama asilimia 40 ya gesi asilia inayotumika Marekani hupita kwao. Sehemu kubwa ya mapato yao ni ada ya kupitisha na kuhifadhi, na mikataba mingi ni ile ambayo mteja hulipia nafasi yake kwenye bomba hata asipoitumia. Nimekaa bandarini vya kutosha kujua kwamba bei ya mzigo hupanda na kushuka, lakini ada ya kuupitisha hulipwa.

Gawio la 2025 ni dola 1.17 kwa hisa, kwa awamu nne. Bei sasa inazunguka dola 27. Kwa hiyo hisa zangu zina thamani ya dola 24,300 hivi, na kwa mwaka zinanipa dola 1,053 kabla Mmarekani hajakata chake. Anakata asilimia 30, inabaki 737. Kwa shilingi ni kama elfu 95 kwa mwaka. Si utajiri, lakini inaingia bila kumuomba mtu.

Sasa kuna mambo mawili. Nyumba ya marehemu baba pale Langoni, boriti za ghorofa ya juu zimeliwa, na ndugu zangu wote wananitazama mimi. Halafu binamu yangu kila jioni ananipigia simu: "Uza bomba la wazungu, ununue bomba letu," akimaanisha hisa za KPC, Kenya Pipeline, kampuni ya serikali ya mabomba ya mafuta.

Siulizi kama kampuni ni nzuri. Nauliza mwenye hisa ya gawio anajuaje kwamba wakati wa kuuza umefika.

KijanaWaMalindi

Shikamoo mzee. Umenunua 14, iko 27. Mimi ningeuza jana. Faida ya kwenye simu si faida mpaka iingie mfukoni. Na binamu yako ana hoja: mauzo ya hisa za KPC yamefunguliwa tarehe 19 Januari 2026 kwa shilingi 9, serikali inatoa asilimia 65, na kodi ya zuio kwenye gawio kwa mkaazi wa Kenya ni asilimia 5 tu, si hiyo 30 wanayokunyoa huko. Bomba ni bomba.

Serahangi_Shela

Marahaba. "Bomba ni bomba" ndiyo kauli iliyonifanya nifungue uzi huu.

JahaziMatondoni

Nduzangu, mimi yeo nacheka tu. Sisi watu wa Lamu kuambiwa habari ya bomba! Machi 2012 walikuja viongozi watatu hapa, Kibaki, Salva Kiir na Meles Zenawi, wakazindua LAPSSET, ule mradi wa bandari ya Lamu, barabara na bomba. Tukaambiwa mafuta ya Lokichar yatakuja kwa bomba mpaka Lamu, zaidi ya kilomita 800. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, hilo tumeliona kwa macho. Bomba je? Tullow wenyewe wameuza mali yao ya Turkana mwaka jana na kuondoka. Mzee Serahangi angalau bomba lake lina gesi ndani.

BintiLangoni

😂 Jahazi umenimaliza.

Kaka Serahangi, nikuulize kwanza kabla wengine hawajakupa majibu. Ukisema hisa "zinanipa", unahesabu juu ya bei gani? Naona watu wengi wa gawio wanajidanganya hapa. Ulinunua kwa 14, gawio halisi mkononi ni senti 82 kwa hisa, kwa hiyo kichwani mwako unapata karibu asilimia 6. Inapendeza. Lakini zile dola 14 hazipo tena. Leo ulicho nacho ni dola 27 kwa kila hisa, na senti 82 juu ya 27 ni asilimia 3. Kila siku unayoamka bila kuuza, umechagua kuweka dola 24,300 mahali panapokupa asilimia 3 mkononi, ukitumaini bei na gawio vitaongezeka. Huenda ni uamuzi mzuri, ila uuite kwa jina lake.

Bei ya kununulia ni habari ya historia. Soko halijui wala halijali kwamba ulinunua kwa 14.

KijanaWaMalindi

Ndiyo nilichosema. Auze.

BintiLangoni

Hapana, sivyo nilivyosema. Nimesema ahesabu upya. Akiuza, anaweka wapi? Februari 2024 serikali ilitoa hati fungani ya miundombinu ya miaka minane na nusu kwa asilimia 18.46, bila kodi. Siku ile ungemwambia auze ningekuunga mkono, tena dola ilikuwa inafika karibu shilingi 160. Aliyebadilisha dola 24,300 kwa bei ile alipata zaidi ya shilingi milioni 3.8. Leo kwa 129 anapata milioni 3.1. Tofauti ya shilingi laki saba na nusu, bila hisa yenyewe kuguswa! Viwango vya hati fungani navyo vimeshuka sana tangu hapo. Kwa hiyo tukijadili "lini", tusisahau kwamba mtu wa Kenya anauza vitu viwili kwa mpigo, hisa na dola.

Mhasibu_Mokowe

Nimesoma yote. Niongeze upande wa kampuni yenyewe, maana hapo ndipo jibu la swali lake lilipo, na Kinder Morgan wana historia inayofundisha kuliko kitabu chochote.

Rudi 2014. Agosti mwaka ule walitangaza kuziunganisha kampuni zao dada kwenye kampuni moja, mpango wa takriban dola bilioni 70 ukihesabu na madeni. Wakaahidi gawio litakua mwaka hadi mwaka. Masika ya 2015 hisa ilikuwa zaidi ya dola 40. Gawio likafika senti 51 kwa robo, yaani dola 2.04 kwa mwaka. Wastaafu wa Marekani waliipenda.

Tarehe 8 Disemba 2015 wakalikata kutoka senti 51 hadi senti 12.5. Robo tatu ikaondoka. Hisa ilikuwa imeshaporomoka hadi kama dola 16.

Kilichosababisha si kwamba gesi iliacha kupita. Mabomba yalikuwa yanafanya kazi na wateja walikuwa wanalipa. Tatizo ni kwamba karibu pesa yote iliyobaki baada ya matumizi ya lazima ilikuwa inagawiwa kwa wenye hisa, na ujenzi wa mabomba mapya ukaendeshwa kwa kukopa na kwa kuuza hisa mpya. Ni sawa na mwenye jahazi anayekula nauli yote kila safari, halafu akope kila tanga linapochanika. Mambo yanakwenda maadamu mkopeshaji anatabasamu. Bei ya mafuta ilipoanguka kutoka juu ya dola 100 katikati ya 2014 hadi chini ya 40, wawekezaji wakaingiwa na hofu na kila chenye harufu ya mafuta, hisa ikashuka, na kuuza hisa mpya kwa bei ile kukawa ni kujichinja. Mapema Disemba Moody's, wale wanaopima uwezo wa kampuni kulipa madeni, wakashusha mtazamo wao juu ya deni la kampuni, wakiangalia pia deni la bomba jingine walilokuwa wanaongezea umiliki. Mlango wa mkopo nao ukaanza kufungwa. Hapo ilibidi wachague kati ya gawio na heshima ya deni, wakachagua deni.

Sasa angalia jambo ambalo wengi hawaliangalii. Siku moja kabla ya kukata, ukigawanya dola 2.04 kwa bei ya dola 16, gawio lilionekana asilimia 13. Kuna watu walinunua kwa sababu ya hiyo 13! Kampuni ya mabomba yenye mikataba ya miaka mingi ikionekana inalipa 13, soko linakwambia kwamba haliamini gawio hilo. Gawio kubwa namna hiyo ni habari mbaya iliyovaa nguo ya Idi.

Na la pili, waliouza siku ya kukatwa, kwa hasira, waliuza hisa ikiwa imeshaanguka vibaya. Mwishoni mwa 2016 hisa ilikuwa imerudi juu ya dola 20, kwa sababu ile pesa isiyogawiwa ilianza kujenga mabomba na kupunguza deni. Kwa hiyo "nitauza gawio likikatwa" ni sharti linalokuja baada ya moto. Hata Energy Transfer, kampuni nyingine ya mabomba huko, walikata gawio nusu mwezi wa Oktoba 2020, na mwanzoni mwa 2023 wakalirudisha pale pale lilipokuwa. Aliyeuza siku ya tangazo hakuambulia kitu zaidi ya kuridhisha hasira yake.

Serahangi_Shela

Mhasibu, ahsante sana. Kwa hiyo alama inakuwa wapi, kabla ya moto?

Mhasibu_Mokowe

Kwenye ripoti ya mtiririko wa pesa, si kwenye faida ya karatasini. Kampuni za mabomba zina uchakavu mkubwa wa vitabuni, gharama inayoandikwa bila pesa kutoka, kwa hiyo faida haikwambii mengi. Chukua pesa iliyoingia kutokana na shughuli, toa pesa waliyotumia kujenga na kukarabati, kisha tazama kama gawio linatoshea ndani ya kilichobaki.

Kwa 2024 mambo yalikuwa hivi: shughuli ziliingiza kama dola bilioni 5.6, ujenzi na ukarabati ukachukua kama 2.6, na gawio kama 2.6 pia. Inatosha, na kuna akiba ndogo. Hiyo ndiyo tofauti kati ya Kinder Morgan ya leo na ile ya 2015. Gawio linaongezwa kwa nusu senti kwa robo kila mwaka, kama mtu anayeogopa kuungua tena. Senti 28.75 mwaka 2024, senti 29.25 mwaka 2025. Mimi hilo linanipendeza, ingawa najua vijana watasema ni kampuni ya wazee.

Ukiniuliza sharti langu: siku ujenzi na gawio kwa pamoja vikizidi pesa ya shughuli kwa miaka miwili mfululizo na deni likawa linapanda kuliko mapato, naanza kuuza, bei iwe juu au chini. Na sasa hivi kuna kishawishi cha hilo, maana mahitaji ya gesi yanaongezeka huko, viwanda vya kugandisha gesi kwa ajili ya meli na vituo vya kompyuta vinavyokula umeme, kwa hiyo kila kampuni ya bomba inataka kujenga. Ujenzi si dhambi. Muulize tu kila robo mwaka, unajenga kwa pesa ya nani?

KijanaWaMalindi

Sawa mwalimu, nimeelewa. Lakini KPC je? Mbona hamnijibu?

Mhasibu_Mokowe

Nakujibu. Kwanza bomba si bomba. Lako la nyumbani linabeba petroli, dizeli na mafuta ya ndege kutoka Mombasa kwenda Nairobi, Nakuru, Eldoret na Kisumu. Njia ile ilianza kazi 1978. Ada yake inapangwa na EPRA, mamlaka ya nishati, kwa hiyo gawio lako limeshikwa na mkono wa mdhibiti, na mdhibiti anasikia kelele za bei ya mafuta kila tarehe 14 ya mwezi kama sisi sote. Sehemu kubwa ya mzigo unakwenda nchi jirani, hasa Uganda, na Uganda ikiamua kupitisha mafuta yake Tanzania, hesabu zinabadilika. Sisemi ni mbaya. Nasema hatari zake si zile za Houston.

Pili, bei. Asilimia 65 kwa shilingi 9 ni bilioni 106.3. Maana yake kampuni nzima imepewa thamani ya karibu bilioni 163.5. Ukitaka gawio la asilimia 4 juu ya bei yako, kampuni lazima igawe zaidi ya bilioni 6.5 kila mwaka. Fungua waraka wa mauzo, tafuta faida baada ya kodi ya miaka mitano, tafuta walichogawa, upige hesabu yako mwenyewe kabla hujalipa.

BintiLangoni

Na historia yetu ya hisa za serikali haitoi jibu moja. KenGen ilitoka 2006 kwa shilingi 11.90, wiki ya kwanza ikapita 30. Aliyeuza alicheka. Kufika 2023 ilikuwa shilingi 2 na ushei. Safaricom ilitoka 2008 kwa shilingi 5, mwaka uliofuata ilikuwa chini ya 3 na watu wakauza huku wakilia, halafu 2021 ikapita 40. Kwa hiyo atakayekwambia "hisa za serikali uza siku ya kwanza" au "usiuze kamwe", anakumbuka moja na kusahau nyingine.

JahaziMatondoni

Shangazi yangu bado ana cheti cha karatasi cha kampuni ya sukari, amekitia fremu ukutani karibu na picha ya Makka. Ukimwambia haina thamani tena anakwambia "ilikuwa inalipa". Niendelee kimya?

BintiLangoni

Endelea kimya tafadhali 😂

Maalim_wa_Pate

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Nimesita kuandika kwa kuwa uzi ni wa hesabu, lakini wengi wetu hapa ni Waislamu na sijaona aliyeuliza la msingi. Biashara ya kusafirisha gesi ni halali, hilo halina mzozo. Swali ni deni la riba. Wanazuoni waliolegeza kwenye hisa za kampuni zenye mikopo wameweka kiwango. Kigezo cha AAOIFI, shirika linaloweka viwango vya fedha za Kiislamu, namba 21, kinataka deni la riba lisizidi asilimia 30 ya thamani ya kampuni sokoni. Fahirisi za Kiislamu za Dow Jones hutumia asilimia 33 ya wastani wa thamani wa miezi 24.

Nimesoma kwamba kampuni hii ina deni la zaidi ya dola bilioni 30. Hisa zake ni kama bilioni 2.2, kwa dola 27 inakuwa thamani ya kama bilioni 60. Deni ni nusu ya thamani. Haipiti kwenye chujio lolote kati ya haya mawili.

Sitoi fatwa. Serahangi amuulize shekhe anayemwamini.

Serahangi_Shela

Waalaykum salaam Maalim. Umenipiga mahali sikutarajia. Nilipokuwa nanunua nilitazama kazi ya kampuni tu, nikaona hakuna pombe wala benki, nikaridhika.

Mhasibu_Mokowe

Maalim, nakushukuru, na nina la kuongeza ambalo hata mimi limenishangaza nilipolipigia hesabu sasa hivi. Masika ya 2015, hisa ikiwa juu kabisa na kila mchambuzi akiisifu, deni lilikuwa zaidi ya dola bilioni 40 na thamani sokoni kama bilioni 90. Yaani deni lilikuwa zaidi ya asilimia 40 ya thamani. Aliyefuata chujio la asilimia 30 asingekuwemo kabisa. Disemba, hisa ikiwa dola 16, deni lilikuwa limeizidi thamani yote ya hisa.

Sisemi wanazuoni walikuwa wanatabiri soko. Lakini gawio lile lilikatwa kwa ajili ya deni, na wao wanauliza deni kwanza. Mimi nimesoma uhasibu miaka na swali hilo tunaliweka ukurasa wa tatu.

KijanaWaMalindi

Sasa mbona uliisifu juu hapo, mwalimu? "Inanipendeza."

Mhasibu_Mokowe

Na bado gawio lake linanipendeza. Deni limepungua kutoka zaidi ya bilioni 40 hadi thelathini na kitu, na mapato yanalihimili. Kwa mtu asiyefuata chujio lile, sharti langu la pesa ya shughuli linasimama. Kwa anayelifuata, hana haja ya sharti langu.

BintiLangoni

Turudi kwenye kodi kidogo, kaka Serahangi, kwa sababu hapo kuna kitu kinaathiri "lini" moja kwa moja. Kenya haina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, ndiyo maana unakatwa 30 kamili kwenye gawio. Lakini faida ya kuuza hisa za kawaida, Mmarekani kwa kawaida hamkati mgeni anayeishi nje. Sasa fikiria: hawa hulipa gawio katikati ya Februari, Mei, Agosti na Novemba. Siku hisa inapoanza kuuzwa bila gawio, yaani anayenunua hapati tena gawio linalokuja, bei hushuka kwa kiasi kinachokaribia gawio lenyewe. Watu wengi husema "ngoja nipokee hili la mwisho ndiyo niuze." Kwako wewe ni hasara. Robo moja ni dola 263 kwa hisa 900, unakatwa 79. Ukiuza kabla ya siku hiyo, gawio liko ndani ya bei, na hukatwi. Dola 79 si nyingi, ila ni mifuko kadhaa ya saruji.

Na usije ukashawishika kuhamia zile kampuni za mabomba zilizoundwa kama ubia, Energy Transfer na Enterprise Products, kwa sababu gawio lao ni kubwa zaidi. Mgeni hukatwa zaidi ya hiyo 30 kwenye mgao, na tangu Januari 2023, ukiuza, dalali anazuia asilimia 10 ya mauzo yote. Si ya faida, ya mauzo yote.

Mhasibu_Mokowe

Kweli tupu. Na lingine la mirathi: mgeni akifariki akiwa na mali ya Marekani, zikiwemo hisa, zaidi ya dola 60,000, warithi wanaweza kukuta kodi ya mirathi ya huko inawasubiri. Serahangi yuko chini ya hapo, lakini wenye nyingi mlijue hilo. Na andika mahali ambapo familia itaona kwamba akaunti ipo. Wangapi Lamu wana akaunti ambazo hata mke hajui jina la dalali?

JahaziMatondoni

Hapo umewatia watu matatani Mhasibu, nusu ya wanajamvi wamezima simu sasa hivi.

Serahangi_Shela

Nimekaa na maneno yenu siku kadhaa. Niwaambie nilipofika, msije mkadhani nimewapuuza.

Boriti haziwezi kungoja. Mji Mkongwe wa Lamu umo kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001 na nyumba zetu haziezekwi ovyo, lazima boriti za mikoko na fundi anayejua kazi, na kibali juu yake. Fundi amenipa hesabu, na karibu nusu ya hisa zangu inaimaliza. Hizo nauza, na nauza kabla ya siku hisa inapoanza kuuzwa bila gawio, kama alivyosema Binti, sio baada. Hapa sihitaji kujua kama bei itapanda kesho. Pesa ina kazi, na kazi ina tarehe.

Nusu ya pili ndiyo iliyokuwa swali langu, na jibu la Mhasibu lingenitosha. Nilishaliandika hata kwenye daftari: ujenzi na gawio vikizidi pesa ya shughuli miaka miwili, nauza. Kisha akaja Maalim. Ijumaa nimekwenda kumuona shekhe wangu. Ameniambia nisichanganyikiwe na yaliyopita, lakini sasa nimejua, nitoke bila kujidhuru, na pale ambapo sina uhakika na sehemu ya gawio nililopokea niitoe sadaka bila kutarajia thawabu yake. Kwa hiyo nusu ya pili nayo nauza mwaka huu, kwa mafungu, na dola zake nabadilisha kwa mafungu pia, maana ile hesabu ya 160 na 129 imenitia adabu.

KPC sinunui mpaka nione deni lake na gawio lake kwenye waraka. Binamu amekasirika. Atapoa.

KijanaWaMalindi

Kwa hiyo mwisho wa yote umeuza, kama nilivyosema jibu la kwanza kabisa 😎

BintiLangoni

Saa mbovu nayo husema kweli mara mbili kwa siku, mdogo wangu.

Maalim_wa_Pate

Allah akubarikie Serahangi. Usisahau zaka. Pesa ya mauzo ikikaa kwako ikafika nisabu, kile kiwango cha chini cha zaka, na mwaka ukatimia, ni asilimia 2.5. Iliyoingia kwenye boriti za nyumba mnayokaa haina.

Serahangi_Shela

Ahsante Maalim, nimelipokea. Swali la mwisho la kiufundi: agizo naliweka saa ngapi? Programu ya dalali inanionyesha saa za huko.

Mhasibu_Mokowe

Soko la New York miezi hii linafungua saa kumi na moja na nusu jioni kwa saa zetu na kufunga saa sita usiku. Wakibadilisha saa zao Machi, litakuwa saa kumi na nusu mpaka saa tano. Usiuze nusu saa ya kwanza, bei zinarukaruka. Ngoja baada ya Isha. Na usiweke agizo la "bei yoyote", weka la bei unayoitaka, mathalan 27, likipata sawa, lisipopata litakufa lenyewe mwisho wa siku na utaweka tena kesho. Pesa ya mauzo huko sasa inakamilika siku moja ya kazi baada ya kuuza, tangu Mei 2024, si siku tatu kama hapa kwetu. Kabla ya hayo hakikisha ile fomu yako ya W-8BEN, ya mgeni kujitambulisha kwa kodi ya Marekani, haijaisha muda, huisha mwishoni mwa mwaka wa tatu baada ya ule uliosaini. Ikiwa ulisaini 2022, ilikwisha Disemba iliyopita.

Serahangi_Shela

Nilisaini 2023. Nitaangalia tena leo usiku, halafu naweka agizo la hisa 450 kwa 27.

JahaziMatondoni

Na hizo boriti ukizihitaji, nina mtu Mkunumbi. Nitumie ujumbe pembeni.